Mnara wa Ushuru na Kadi ya Zaka

Mwezi wa Agosti sisi mafrateri wanne wa falsafa tulikuwa Ujerumani, wageni wa parokia yenye urafiki wa miaka mingi na parokia moja ya kwetu. Wazee wa huko walitukatia tiketi za meli ya watalii inayoshuka mto Rhine kutoka Rüdesheim hadi Koblenz. Bonde hilo liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2002, na picha tulizotumiwa zilijaa jua, mashamba ya mizabibu na ngome juu ya vilima. Siku yetu ilinyesha toka asubuhi.

Haikuwa mvua ya kwetu, inayopiga bati nusu saa ikapita. Yalikuwa manyunyu ya baridi yasiyo na haraka. Viti vya juu vililowa vikabaki vitupu, abiria wote tukabanana chini, na vioo vikajaa ukungu wa pumzi zetu. Tulivifuta kwa mikono ya sweta, tukaona kilima, ngome, wingu. Mara kioo kikafunga tena. Mwenzetu mmoja akasema hili ndilo pango la Plato, ila lina chai.

Macho yalipokosa kazi, masikio yalifanya kazi. Mwenyeji wetu, mama mmoja mstaafu, alitueleza ngome zile zilikuwa za nini. Tulidhani ni za vita tu. Kumbe kadhaa zilikuwa vituo vya ushuru: chombo chenye bidhaa kilisimamishwa, kikalipa, ndipo kikaendelea hadi kituo kingine. Na baadhi ya wenye vituo walikuwa maaskofu wakuu. Ngome ya Ehrenfels, tuliyoipita mara baada ya kuondoka Rüdesheim, ilikuwa ya maaskofu wakuu wa Mainz. Karibu nayo, kwenye kisiwa kidogo mtoni, umesimama mnara uliotumika kulinda ushuru huo, nao huitwa Mnara wa Panya. Hadithi ya watu husema Askofu Hatto wa Mainz alificha nafaka wakati wa njaa, akawafungia maskini ghalani na kuwachoma moto. Panya wakamfuata mpaka ndani ya mnara wakamla. Ni hadithi tu. Lakini watu hawamtungii hadithi kama hiyo mchungaji wanayempenda.

Kisha mama yule akatusimulia ya nyumbani kwake. Mwamini wa Ujerumani hukatwa kodi ya Kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, kutegemea mahali anapoishi. Asiyetaka kukatwa huenda kwenye ofisi ya serikali akatangaza kwamba anajitoa katika Kanisa. Kwa agizo la maaskofu wa huko la mwaka 2012, mtu huyo hapaswi kupokea sakramenti, na asipoonyesha toba kabla ya kufa aweza kunyimwa mazishi ya Kanisa. Mwanawe alikwenda kujitoa.

“Nikifa mimi, yeye atanizika kanisani,” alisema mama. “Akifa yeye, sijui.”

Meli ikapita chini ya mwamba wa Lorelei, watalii wakainuka kupiga picha ya ukungu. Sisi tulibaki tumekaa, kwa sababu maneno yale yana ndugu yake kwetu.

Nani kati yetu hajakaa msibani akasikia, kilio hakijatulia, swali hili: kadi ya zaka iko wapi? Mzee amesali miaka arobaini, ugonjwa umemlaza miwili ya mwisho, kadi ina mapengo. Watoto wanakimbia kwa mwenyekiti wa jumuiya na fedha za kuchangishana, wazibe mapengo ya marehemu ili aombewe Misa.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja wetu aliwatetea viongozi wa jumuiya. Kanisa linaezekwa kwa fedha za nani? Padre anafika vigangoni kwa mafuta ya nani? Hata maharage yetu ya seminari yametoka kwenye mifuko ya waamini. Kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa inawadai waamini wasaidie mahitaji ya Kanisa lao. Yote hayo ni kweli. Mwingine akajibu kwa sheria hizo hizo: kanuni ya 848 inataka mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini, na ya 1181 inataka maskini wasinyimwe mazishi wanayostahili. Hayo nayo ni kweli.

Aliyetusaidia ni mtakatifu wa mto ule ule. Monasteri ya Mtakatifu Hildegard ilikuwa Rupertsberg, karibu na Bingen, ng'ambo ya pale tulipopandia meli. Mwaka 1178, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, alimzika katika makaburi ya monasteri mtu aliyewahi kutengwa na Kanisa. Wakuu wa Kanisa la Mainz wakaagiza maiti ifukuliwe. Hildegard akakataa: mtu huyo alikuwa amepatanishwa na Kanisa kabla ya kufa. Masista wakakatazwa kuimba sala zao na kupokea Komunyo. Mama huyo mzee alitii katazo, akaandika barua za kudai haki, lakini kaburi hakuligusa. Katazo liliondolewa Machi 1179; alifariki Septemba 17 mwaka huo huo. Mwaka 2012 Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Hildegard hakufuta sheria. Aliuliza habari za mtu mwenyewe: alikufaje, alitubu, nani alikuwa naye? Tofauti ya zaka na ushuru iko hapo. Zaka huitoa mtu aliye ndani ya chombo, anayepiga kasia pamoja na wenzake. Ushuru hudaiwa na aliyekaa mnarani, asiyejua abiria ni nani.

Basi kadi isichanwe, isomwe mapema. Pengo la miezi mitatu lingetutuma kwa mzee yule angali hai, tukiwa na Mafuta ya Wagonjwa na kilo mbili za sukari. Likisomwa siku ya msiba, limechelewa. Ndugu waamini, baadhi yetu, Mungu akipenda, mtatuona altareni miaka michache ijayo. Mkituona tumeanza kupanda mnarani, tuvuteni kanzu.

Mtakatifu Hildegard, utuombee.