Shilingi Mia ya Edi

Kibanda kilikuwa mkabala na stesheni ya Malampaka, hatua chache kutoka walipokuwa wakishukia abiria wa treni ya Mwanza. Ndani mlikuwa na TV moja ya chogo, PlayStation moja, benchi, na pedi mbili, moja ikiwa imekufa mshale wa kushoto. Huo ni mwaka 2006. Wilaya yetu ya Maswa ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu haukuwapo mpaka 2012. Gemu ilikuwa Tekken 3, mchezo mmoja shilingi mia, na sheria haikuandikwa popote maana kila mtu aliijua: ukifungwa, unapisha.

Sheria hiyo ndiyo iliyotufundisha kucheza, na ilitufundisha vibaya. Mia ilikuwa mia. Ukiipata kwa kubeba mzigo wa abiria, huwezi kuikalia benchini ukimchunguza mpinzani huku foleni nyuma yako inakupigia kelele. Kwa hiyo sote tulimgombea Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, ambaye kwetu alikuwa Edi tu. Edi hakudai akili. Unavibofya vitufe vya mateke bila kupumua, naye anazunguka, anapinduka, anafagia miguu, mwenzako hajui azuie juu au chini. Kasi, kwa ufahamu wetu, ilikuwa kidole gumba kisichochoka.

Alikuwepo kaka mmoja mpakia mizigo, mkubwa kwetu wote, aliyekuja kibandani nyakati alipokuwa anasubiri treni ya mizigo. Na treni ile ilijua kuchelewa. Yeye alimchagua King, lile jibaba la mieleka lenye kichwa cha chui. Anakaa, anazuia, anazuia, mpaka Edi wako amalize mzunguko na mgongo ubaki wazi kidogo. Hapo anakudaka na kukubwaga. Mia yake moja ilimfikisha jioni. Tulimcheka kwamba anacheza kizee. Leo nakiri kwamba ndiye peke yake aliyekuwa akicheza mle ndani.

Edi nilimwacha kibandani, lakini tabia yake nilihama nayo. Nilipopakua Brawlhalla, gemu ya bure iliyoingia kwenye simu mwaka 2020, nilikwenda moja kwa moja kwa Lucien, jambazi mwenye bastola mbili. Kila mpiganaji wa gemu hiyo ana pointi 22 zilizogawanywa sehemu nne: nguvu, wepesi wa kurudia pigo, ulinzi na kasi. Lucien ana kasi 8, nguvu 3. Nikaona 8, sikuiona 3.

Nilifungwa mwezi mzima. Brawlhalla si Tekken. Humu hakuna mstari wa uhai unaokwisha. Mko juu ya jukwaa linaloelea, rangi ya mpiganaji inatoka nyeupe kwenda njano hadi nyekundu kadiri anavyopigwa, na kufa ni kurushwa nje ya uwanja. Mwenye nguvu 3 anahitaji kugusa mara nyingi kabla ya kumrusha mtu. Mimi nilikuwa nakimbilia pigo kama naogopa kupisha benchi. Napaa, nakosa, naangukia mbele ya nyundo ya mpiganaji aitwaye Bödvar. Mapigo yangu kumi, yake matatu, na mimi ndiye ninayeruka nje.

Kilichonibadilisha ni mambo mawili, na yote mawili si ya kujisifia. Kwanza, kufungwa kumekuwa rahisi: hakuna mia, hakuna foleni, ni bando kidogo tu linakwenda. Niliweza kupoteza mchezo mzima nikitazama tu mwenye nyundo anapenda kuiinua lini. Pili, mtandao wetu. Picha inakwama, pigo linatoka limechelewa, kwa hiyo kubofya baada ya kuona ni kazi bure. Ilinibidi nijue atafanya nini kabla hajafanya.

Hapo ile 8 ikaanza kulipa. Naingia kwa kasi mpaka ncha ya nyundo yake, nasita, narudi. Anapiga hewa. Ndipo naingia kweli, mapigo mawili, natoka. Silaha zikidondoka kutoka juu nazifikia kwanza. Moja naishika, na nikiona nyingine inakuja, niliyonayo namrushia usoni. Akiwa nje ya jukwaa namfuata, ila nahesabu miruko yangu ya hewani, maana ina idadi. Ukiimaliza kwa uroho, mnadondoka wote. Kasi sikuitumia tena kufika, niliitumia kuondoka. Yule kaka wa King angenielewa, ingawa mwili ule wa King ungekuwa haufai kabisa kwa kazi hii.

Kibanda hakipo. Pale sasa pana meza ya miamala ya simu. Reli ya SGR ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, nayo imepangwa kupita Malampaka, kwa treni za hadi kilomita 160 kwa saa, na vijana wanaoisubiri hawana haja ya benchi la mtu. Gemu wanayo mfukoni.

Mpwa wangu ana miaka kumi na miwili. Anamtumia Bödvar. "Mjomba, mbona unakimbia sana?" ananiuliza, huku kainua nyundo na hashuki nayo. Katika mechi tano, ananifunga tatu.