Kaseti Zilizobaki Kwenye Magari

Nilipoanza kazi kwenye yadi ya magari ya mtumba Yokohama, mwaka 1996, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupekua. Yalikuja magari ya mnadani, Carina, Corolla, Mark II, na kabla hayajapelekwa bandarini kupakiwa kwenda Dar es Salaam na Mombasa ilibidi mtu aingie ndani, apapase chini ya viti, kwenye mifuko ya milango na kwenye dashibodi, ili gari liondoke tupu. Vingi nilivyokuta vilikuwa vya kutupa: risiti za barabara za kulipia, maboksi ya tishu, miavuli. Lakini ukibonyeza kitufe cha redio, mara nyingi ilitema kaseti. Hizo sikuzitupa kabla ya kuzisikiliza.

Mengi ya magari yale yalikuwa ya familia. Aliyeliendesha gari alikuwa baba au mama wa miaka arobaini na kitu, hamsini na kitu, na kaseti aliyoiacha ndiyo aliyokuwa akirudi nayo nyumbani usiku baada ya kazi. Nyingine zilirekodiwa nyumbani. Lebo iliandikwa kwa penseli iliyochongwa vizuri, jina la wimbo na la mwimbaji, herufi ndogo ndogo zilizonyooka. Upande mmoja enka, zile nyimbo za zamani za bandari, sake na theluji. Upande wa pili nyimbo za taratibu, piano na vinanda vya nyuzi, sauti moja inayoanza chini na kupanda polepole.

Moja ninayo hadi leo. Utepe wake umelegea sehemu moja tu. Nyimbo zote zinapiga sawa, ukifika pale sauti inayumba, inazama, inaibuka tena, kisha wimbo unaofuata unakaa sawa. Aliyekuwa nayo alikuwa akiurudisha nyuma wimbo huo mmoja, tena na tena, mpaka utepe ukachoka. Ni “Jidai” wa Nakajima Miyuki. Huyu mwenyeji wa Sapporo aliutoa mwaka 1975 akiwa na miaka 23, ukanyakua tuzo kuu kwenye tamasha la kimataifa la nyimbo lililoandaliwa na Yamaha jijini Tokyo. Unamwambia mtu aliyeangushwa na maisha kwamba siku itafika atakapoisimulia siku ya leo kama jambo lililopita. Umetungwa na binti wa miaka 23, nao wakaushikilia watu wa miaka 50.

Jioni za Ijumaa wazee wa yadini walinichukua hadi baa ndogo ya karaoke, viti saba au nane, mama mwenye baa akimjua kila mteja na kinywaji chake. Pale niliwaona wanaume ambao mchana kutwa hawakusema zaidi ya “sawa” na “asante” wakishika maikrofoni kwa mikono miwili na kuimba macho wameyafumba. Mmoja hakuwa na wimbo mwingine ila “Kawa no Nagare no Yo ni” wa Misora Hibari. Wimbo huo ulitoka Januari 1989, na Juni mwaka uleule Hibari akafariki akiwa na miaka 52. Mzee yule alikuwa karibu na umri huo. Alipomaliza, hakuna aliyempongeza kwa kelele. Mama alimjazia glasi, mwingine akashika maikrofoni.

Ni hao wazee walionieleza jinsi mambo yalivyokuwa kabla sijafika. Mwaka 1989, pesa zikiwa zimejaa, tangazo la kinywaji cha kuongeza nguvu kiitwacho Regain liliwauliza wafanyakazi wa ofisini kama wanaweza kupambana saa 24. Wimbo wake wa kishujaa uliuzwa madukani na kuimbwa kwenye karamu za ofisi, watu wamekunja ngumi. Kisha uchumi ukaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Novemba 1997, mimi nikiwa nimeshafika, kampuni kubwa ya hisa ya Yamaichi ikafunga milango. Mwaka 1998 idadi ya waliojiua Japani ilivuka 30,000, na haikushuka chini ya hapo kwa mwaka wowote hadi 2011. Wengi wao walikuwa wanaume wa makamo. Yadini kwetu alikuja mzee aliyekuwa na cheo kwingine, akawa anapanga funguo za magari. Hakuna aliyemuuliza kilichotokea.

Basi mwaka 1999 jina lilelile la Regain likarudi kwenye televisheni, safari hii na piano tupu. Kipande hicho, “energy flow” cha Sakamoto Ryuichi, hakina neno hata moja, na ndicho muziki wa kwanza usio na maneno kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Oricon ya nyimbo moja moja. Nikitazama nyuma, naona hapo ndipo muziki wa watu wazima ulipogeuka. Bidhaa iliyokuwa ikiwahimiza wasilale miaka kumi tu iliyopita, sasa ilikuwa ikiwapa ruhusa ya kuketi. Nyimbo zilizofuata hazikumwambia mtu ajikaze. Zilimwambia tumeona umechoka.

Mwaka uliofuata televisheni ya NHK ilianza kipindi cha “Project X”, habari za mafundi na wahandisi wasiojulikana waliojenga Japani ya baada ya vita. Wimbo wa kufungulia, “Chijo no Hoshi” wa Nakajima, kila mtu anaujua. Desemba 31, 2002 aliuimba kwenye Kohaku, tamasha la nyimbo la kufunga mwaka kwenye televisheni, akiwa ndani ya handaki la umeme wa Kurobe, mradi uliochukua roho za watu 171, na mwezi uliofuata ukapanda kileleni mwa chati, zaidi ya miaka miwili tangu utoke. Ila mimi naupenda wa kufungia, “Headlight, Taillight”, uliokuwa upande wa pili wa diski hiyohiyo. Ni wa polepole, kama gari linaloshuka mlima usiku bila haraka. Kipindi kinapoishia, mzee mmoja ametoka kusimulia mtambo uliomla miaka thelathini, majina yanapita kwenye skrini, na sauti ya Nakajima inasema safari ingalipo. Nilikuwa nikikiangalia na wale wazee kwenye chumba cha chai, na walikuwa wakikaa mpaka jina la mwisho lipite.

Kufikia hapo kaseti zilikuwa zimeadimika magarini. Zilikuja diski za MD, ndogo, za rangirangi, halafu CD kwa wingi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 CD moja niliikuta mara kwa mara, au nakala zake zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: “Vocalist” ya Tokunaga Hideaki. Tokunaga alikuwa jukwaani tangu 1986. Mwaka 2001 akalazwa kwa ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo, akaacha jukwaa kwa kitambo kirefu. Mwaka 2005 alitoa albamu ya nyimbo zilizowahi kuimbwa na wanawake, na ya kwanza kabisa kwenye orodha ni “Jidai”. Sauti yake ni ya juu, nyembamba, ina mkwaruzo, na anaimba kana kwamba mtu amelala chumba cha pili. Mwanamume wa miaka 44 aliyetoka kuugua akiimba maneno ya mwanamke, bila kujitutumua: nchini ambako mwanamume alifunzwa kuvumilia kimya, hilo halikuwa dogo. Wanawake waliinunua sana, lakini CD zake nilizikuta pia kwenye Probox, yale magari ya mawakala wa mauzo, pamoja na tai iliyokunjwa na dawa za tumbo.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, albamu ile ni kama kipindi cha zilipendwa redioni, saa ambayo mtu mzima anarudishiwa ujana wake. Nasi tuna haki ya kuufurahia muziki huu, maana ujirani upo: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walipiga Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70.

Magari yenyewe yaliubeba muziki huo bila kukusudia. FM ya Japani wakati ule ilikuwa masafa ya 76 hadi 90, kwa hiyo gari likifika Dar redio yake ilikosa stesheni nyingi mpaka fundi aifanyie kazi. Dada yangu, mwalimu huko Tanga, alipata Corolla iliyopita mikono ya mkaguzi mwingine, na kaseti ilikuwa imekwama ndani. Redio ilikoroma tu, kaseti ikaimba. Akaenda nayo shuleni na kurudi, mwaka baada ya mwaka, akisikiliza wanawake asiowaelewa neno. Aliniambia kwenye simu, “Mdogo wangu, hawa watu wanabembeleza nani?” Nikamwambia wanambembeleza yeye.

Siku hizi sikuti kitu. Magari yanakuja na Bluetooth, na muziki umeondoka na simu ya mwenyewe. Kilichobaki ni orodha ya majina ya simu zilizowahi kuunganishwa, ambayo naifuta. Baa ya mama imefungwa. Vijana wa yadini wakitaka karaoke wanakodi chumba cha mtu mmoja, wanaimba peke yao, wanatoka. Sisemi ni vibaya. Mmoja wao ameshafika arobaini na tano, na juzi nilimsikia akipiga mluzi wa “Inochi no Uta” wa Takeuchi Mariya huku akikagua matairi.

Mimi nimepita hamsini, na nyimbo nilizoziokota kwa udadisi sasa nazihitaji. Dada amestaafu. Namtumia kwenye WhatsApp, na tunabishana kuhusu “Jidai”. Yeye yuko na Tokunaga, anasema yule ameugua akapona na inasikika. Mimi sitoki kwa Nakajima, kwa sababu anauimba kama mtu ambaye bado hajavuka, na ndivyo nilivyo mimi jioni nyingi. Wiki hii nimemtumia ule wa kufungia “Project X”. Ameusikiliza, akajibu kwamba tusibishane tena, nimtumie mwingine wa mama huyo.