Bei ya Gari la Mama

Mama anauza matoke Kampala. Mwaka jana alitaka kununua Toyota Probox ya kubebea mizigo. Muuzaji katika yadi ya magari alikuwa mtu wa Mombasa, ambako magari yetu mengi hushushwa kutoka Japani, kwa hiyo mama alinisukuma mbele nizungumze mimi, mwanafunzi wa Kiswahili.

“Milioni 17 tu,” alisema.

“Kaka, pamoja na ushuru na namba?”

Alicheka. Gari likiwa bado chini ya forodha, bei ya kwanza huwa tamu kwa sababu kodi haimo. Kwa ushuru ilifika milioni 27! Nikauliza mwaka wa kutengenezwa, maana tangu 2018 Uganda imekataza kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi. Hapo lilikuwa salama.

Mama alikuwa na milioni 24 na laki moja, akiba ya miaka sita. Hakubishana. Alisema kwa Kiganda, “Tugende,” tukaondoka. Tulipofika getini tukasikia, “Mama, rudini! Ishirini na nne, kila kitu ndani.”

Alihesabu noti mara tatu. Laki iliyobaki akanipa nishike.

“Ya petroli,” alisema.