Matibabu ya Bure Hulipiwa na Nani?

Akina mama wenzangu, kuna neno moja ambalo sisi wauguzi tunalisikia kila siku kliniki. Neno hilo ni "bure". Mama mjamzito anajua kwamba kliniki ni bure, mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano anajua kwamba chanjo na matibabu ya mwanawe ni bure, na mgonjwa wa kifua kikuu anajua kwamba dawa zake ni bure. Hayo yote ni kweli kwa mujibu wa sera ya nchi yetu, na ni jambo jema sana. Lakini nimegundua kwamba neno hilo limetufanya wengi tusiulize swali la muhimu: kama mimi silipi, ni nani anayelipa?

Swali hili si la wanasiasa wala wasomi wa uchumi peke yao. Ni la mama wa nyumbani, kwa sababu dawa zinapokosekana, yeye ndiye anayebaki na mtoto mwenye homa mgongoni. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda huo nimejifunza kidogo kuhusu safari ya fedha hizo. Naomba nikueleze kwa lugha ya kawaida, kama tunavyozungumza kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani.

Fedha zinatoka jikoni kwako

Akina mama wengi husema, "Mimi sina mshahara, kwa hiyo silipi kodi." Si kweli. Unaponunua sabuni, soda au kibiriti, unalipa kodi. Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ilianza hapa Tanzania Julai 1998 kwa kiwango cha asilimia 20, na mwaka 2009 ikashushwa kuwa asilimia 18. Maana yake ni kwamba ukinunua bidhaa yenye VAT kwa Sh 5,900, humo ndani Sh 900 ni za Serikali. Hata kama duka la mtaani kwako ni dogo na halikusajiliwa kwa VAT, mwenye duka aliilipa aliponunua kwa jumla, naye akaiingiza katika bei yako.

Ukinunua umeme wa LUKU, kodi imo. Tangu mwaka 2021 hata kodi ya majengo hukatwa humo humo, na mwaka 2023 ilipanda kutoka Sh 1,000 hadi Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nauli ya daladala nayo ina kodi ya mafuta ndani yake. Mnakumbuka pia tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021. Ililalamikiwa sana, ikapunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma fedha kwa simu. Fedha za tozo ile zilijenga vituo vya afya na madarasa katika sehemu nyingi. Ukiongeza kodi za mishahara, ushuru wa forodha, mikopo na misaada ya nje, ndipo unapata mfuko wa Serikali.

Kwa hiyo mama anayeuza maandazi amekwisha kuchangia kitanda cha wodi ya wazazi kabla hajakilalia. Asiingie kituoni kwa unyonge kama mtu anayeomba msaada. Amelipa.

Safari ya shilingi hadi zahanati

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Kabla ya siku hiyo Bunge hupitisha bajeti mjini Dodoma. Kabla ya mambo mengine, deni la Taifa lazima lilipwe na watumishi lazima walipwe mishahara. Kinachobaki hugawanywa kwa barabara, maji, shule, ulinzi, afya na mengineyo. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana huko Abuja, Nigeria, kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa ajili ya afya. Sisi bado hatujafikia kiwango hicho.

Fedha za afya hupita njia kadhaa. Hospitali za rufaa ziko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, ambazo nazo husimamiwa na TAMISEMI. Mshahara wa muuguzi hutoka Hazina. Dawa nyingi hutoka Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Zamani fedha za uendeshaji zilikaa halmashauri, na mganga wa zahanati aliandika barua kuomba hata mafuta ya taa ya jokofu la chanjo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha hizo zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Badiliko hili ni kubwa, nami nitalirudia hapa chini kwa sababu linakuhusu wewe.

Tulikotoka

Mama zetu walitibiwa bila kulipa senti katika hospitali za Serikali. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilieneza zahanati vijijini, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Katika miaka ya 1980 uchumi uliyumba, na wengi wetu tunakumbuka au tumesimuliwa foleni za sabuni na sukari. Hospitali nazo zilikosa dawa. Matibabu yalikuwa bure, lakini mgonjwa aliandikiwa karatasi na kwenda kutafuta dawa mwenyewe.

Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 Serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama, hatua kwa hatua, ikianzia hospitali kubwa. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa baadhi ya magonjwa ya kudumu walisamehewa. Wasio na uwezo nao walisamehewa, lakini wao walitakiwa kuthibitishwa. Baadaye wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo waliongezwa.

Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulijaribiwa wilayani Igunga, mkoani Tabora. Kaya ilichanga kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi sawa na kilichochangwa. Wananchi wakauita utaratibu huo "tele kwa tele". Mwaka 2001 mfuko huo ukapata sheria yake. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi kwa watumishi wa Serikali, wakikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri kuongeza asilimia 3.

Msamaha usio na fedha

Hapa ndipo penye uchungu, na nitasema wazi. Sera ikisema mama ajifungue bure, mipira ya mikono haishuki kutoka mbinguni. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Kituo kina akina mama 60 wanaojifungua kwa mwezi. Tuseme kila mmoja anahitaji vifaa na dawa za Sh 15,000. Hiyo ni Sh 900,000 kwa mwezi, au Sh 10,800,000 kwa mwaka, kabla hujanunua dawa ya mgonjwa mwingine yeyote. Kama fedha zilizokuja ni nusu ya hizo, au zimechelewa miezi mitatu, msamaha unabaki kwenye karatasi tu. Ndipo mama anapoambiwa aje na mipira ya mikono, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kulalia.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, tulimpokea mama wa watoto watatu aliyeletwa na baiskeli alfajiri. Alikuwa amejifungulia nyumbani na damu ilikuwa inamtoka kwa wingi. Tulimchoma sindano, tukamwekea maji, tukamkanda tumbo, na tunashukuru alipona. Mtoto hakupona. Alipopata nguvu nilimwuliza kwa nini hakuja mapema, maana kwake si mbali na kliniki alihudhuria vizuri. Akanijibu, "Dada, vifaa sikuwa navyo. Niliona aibu kuja mikono mitupu."

Akina mama wenzangu, hakuna aliyemfukuza mama yule. Kadi yake ilikuwa na mahudhurio yote. Kilichomzuia ni shilingi elfu chache ambazo, kwa mujibu wa sera, hakutakiwa kuwa nazo kabisa. Ndiyo maana nasema suala la bajeti ni suala la uhai.

Nawaomba pia msitulaumu wauguzi kwa kila jambo. Wako wenzetu wachache wenye kauli mbaya, na wako wanaodai chochote. Hao washtakiwe. Lakini muuguzi mwingine anayekuambia kalete mipira ya mikono hana hata jozi moja kabatini, na yeye mwenyewe anaogopa kugusa damu mikono mitupu.

Kuchanga kabla ya kuugua

Sisi Waswahili tunajua kuchangiana. Tuna vikoba na vikundi vya kufa na kuzikana. Hakuna anayengoja msiba utokee ndipo aanze kutoa mchango wa kwanza, kwa maana hatapewa kitu. Bima ya afya ni jambo hilo hilo. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 iliweka mchango wa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita katika sehemu nyingi za Bara. Hiyo ni Sh 5,000 kwa mtu. Kaya 100 zinatoa Sh 3,000,000.

Kwa nini basi wengi hawakujiunga? Wengine walingoja mpaka waugue. Wakijiunga wagonjwa tu, mfuko wowote utakauka. Lakini wengine walikuwa na sababu ya haki: walilipa, wakaenda na kadi, wakaambiwa dawa hakuna. Mtu akitendewa hivyo mara mbili, mwaka unaofuata hatoi. Mfuko unapungua, na dawa zinazidi kukosekana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, lakini mwenye kinga lazima auone moto.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nia yake ni kwamba kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo walipiwe kutoka mfuko maalumu unaopata fedha kutokana na vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, pombe na vipodozi. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Ila nasema, kadi peke yake haimtibu mtu. Wasio na uwezo watambuliwe kwa haki, si kwa kujuana na mwenyekiti, na kituo kilipwe kwa wakati.

Hospitali za makanisa

Wengi huniuliza, "Mbona hospitali ya kanisa inatoza fedha?" Hospitali hizo hazitegemei kodi yenu kikamilifu. Baadhi zina mkataba na Serikali na huitwa hospitali teule za wilaya. Serikali huzipa ruzuku ya vitanda, baadhi ya watumishi na dawa, nazo huhudumia wananchi kama hospitali ya wilaya. Bugando kule Mwanza ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikachukuliwa na Serikali mwaka 1972, na tangu 1985 inaendeshwa kwa makubaliano ya pande hizo mbili. Ruzuku ikichelewa, hospitali hizi hubaki na mzigo, na ada hupanda. Kwa hiyo hata unapotibiwa kwa masista, bajeti ya Dodoma inakuhusu.

Tufanye nini?

Kwanza, dai risiti kila unaponunua. Kodi uliyolipa bila risiti huweza kuishia mfukoni mwa mfanyabiashara.

Pili, kila zahanati na kituo cha afya cha Serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Nilisema fedha sasa huja kwenye akaunti ya kituo. Kamati hiyo ndiyo inayotakiwa kujua zimekuja ngapi na zimenunua nini. Uliza wajumbe wenu ni akina nani. Gombea nafasi wewe mwenyewe. Mama anayejua bei ya mipira ya mikono anafaa kuliko mzee anayesaini bila kusoma.

Tatu, nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa. Usiwaachie akina baba peke yao, kwa sababu wao watauliza barabara, na ni nani atakayeuliza dawa ya kuzuia damu?

Nne, kama uwezo upo, jiunge na bima ukiwa mzima. Na katika kikundi chenu mwangalieni jirani mjamzito asiye na kitu. Mpelekeni kituoni hata kama mikono yake ni mitupu. Aibu isimweke nyumbani. Akifika, kumhudumia ni wajibu wetu.

Akina mama, tumezoea kuhesabu sukari na unga majumbani mwetu mpaka mwisho wa mwezi. Tuhesabu na fedha za zahanati yetu vivyo hivyo, maana nazo ni zetu.