Acheni Kuliita Chupa, Hilo ni Jiwe Letu

Juzi dada mmoja wa Bongo Muvi (jina naliweka kapuni) aliposti pete yenye jiwe la kijani, watu wakamvaa. Mara zumaridi feki, mara kipande cha chupa ya bia. Lake sijui ni jiwe gani, sijaliona kwa macho. Ila kejeli zile zilinichoma kwa sababu na mimi la kijani ninalo kidoleni, na maneno ni hayo hayo, tena kutoka kwa watu ambao siwezi kuwafungia akaunti.

Langu ni tsavoraiti. Ni ganeti, ndugu wa ile nyekundu mnayoijua, ila hii inapata ukijani kutokana na vanadi, mara nyingine na kromi. Halafu inawaka jamani! Inarudisha mwanga kuliko zumaridi. Zumaridi nyingi huwekwa mafuta kuficha nyufa, na hata tanzanaiti yetu nyingi hupikwa kwanza ndipo iwe ile bluu ya kutambia. Tsavoraiti haipikwi. Inatoka shimoni, inakatwa, inang'arishwa, basi. Yaani ni yule demu anayepiga picha bila filta na bado mnakasirika. Tatizo ni udogo wake, maana ikiwa safi na ikazidi karati 2 tayari ni adimu.

Na kwao ni hapa. Mwaka 1967 mwanajiolojia Mskoti, Campbell Bridges, aliikuta Lemshuko, Simanjiro. Akanyimwa kibali cha kuisafirisha nje, akaufuata mwamba hadi Kenya, akaipata tena Taita Taveta. Inasemekana alikuwa akilala kwenye nyumba ya juu ya mti kukwepa wanyama, na mawe yake yakilindwa na chatu. Chatu! Mwaka 1974 Tiffany wa Marekani wakaanza kuipigia debe, ikapewa jina la mbuga ya Tsavo. Kwa hiyo jiwe lililoonekana kwetu kwanza linaitwa kwa jina la mbuga ya Kenya. Wakenya, hapo mmetupiga bao, tunakubali. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, katika ugomvi wa eneo la machimbo. Mtu kafia kitu ambacho sisi tunakiita chupa.

Sasa turudi kwangu. Mchumba wangu alilinunua Arusha kwa dalali, halifiki hata karati moja, sonara akalitia kwenye pete. Nililipenda siku hiyo hiyo. Shida ikaanza kwenye kikao cha familia yao. Shangazi yake akanishika mkono, akaligeuza jiwe huku na huku, akasema, "Mwanangu, siku ya ndoa watu watasema kijana wetu kashindwa almasi." Nikamjibu, "Hapana shangazi, hii ndiyo niliyoitaka." Wifi mmoja akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi kucheka sijali, nimezoea mitandao. Kinachoniumiza ni mwenzangu. Tangu siku hiyo kanyamaza, na wiki iliyopita nimeona kwenye simu yake anaulizia mkopo wa kausha damu. Mkopo! Ili anunue almasi ya kumridhisha wifi, halafu tuanze ndoa tunawakimbia wadai. Tena almasi yenyewe wageni waliokaa meza ya nyuma hawataiona.

Nimemwambia wazi kwamba akileta pete nyingine kwa hela ya mkopo, siivai. Akaniuliza, "Na shangazi je?" Nikamwambia shangazi niachie mimi. Jumapili tunakwenda kwake Mbagala. Nitapiga goti, nitamwamkia vizuri, nitamwomba tutoke uani, na hilo jiwe nitamwonyesha kwenye jua, siyo chini ya ile taa yao ya sebuleni.