Msitu Uliokubali Kufifia



Juma lililopita mama mmoja wa parokia yetu alifika ofisini akiwa na kitabu kinene kilichofungwa kwa gazeti. Tulimkaribisha kiti, hakukaa. Alikiweka kitabu mezani kama mtu atuaye mzigo wa kuni, akasema: "Baba Paroko, nimekikuta chini ya mto wa mwanangu. Ndani yake mna pete za kichawi, na mwanamke atawalaye msituni. Nimekuja mkione kwanza, kisha nikitie jikoni." Tulimwomba atuachie kwa siku saba, naye akakubali kwa shingo upande.

Kitabu kile tulikitambua mara tulipolifungua gazeti. Ni The Lord of the Rings, cha Mwingereza J.R.R. Tolkien, kilichotoka katika mabuku matatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Tulikisoma mara moja tu, tukiwa seminarini, na sehemu iliyotukaa moyoni ni ile ya msitu uitwao Lothlórien. Leo twapenda kuwasimulia habari za msitu huo na watu wake. Mama yule alistahili jibu. Na sisi nasi, kama mtakavyoona, tulipewa jibu ambalo hatukuliomba.

Kwanza, mtunzi mwenyewe. Tolkien alizaliwa katika bara letu hili, mjini Bloemfontein, Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka mitatu. Baba yake alifariki mwaka 1896. Mama yake, Mabel, alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1900, na kwa sababu hiyo akanyimwa msaada na baadhi ya ndugu zake. Alifariki mwaka 1904, akiwaacha wanawe wawili mikononi mwa padre mmoja wa Birmingham, Padre Francis Morgan, aliyewalea. Tolkien alidumu Mkatoliki hadi kufa kwake mwaka 1973, na mwanawe wa kwanza akawa padre. Mwaka 1953 alimwandikia rafiki yake Mjesuiti kwamba kitabu hiki, kwa undani wake, ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki, ijapokuwa humo hamna kanisa wala ibada. Imani yake imefichwa ndani ya hadithi yenyewe, mfano wa chumvi ndani ya mchuzi.

Sasa tuingie msituni. Lothlórien umelala mashariki ya Milima ya Ukungu, pale mto mdogo wa Celebrant unapouingia mto mkubwa Anduin. Miti yake mashuhuri huitwa mallorn. Gome lake ni laini, la rangi ya fedha. Majani yake hugeuka dhahabu wakati wa vuli, lakini hayaanguki hadi masika, majani mapya yanapochipua na maua ya manjano kufunguka. Wenyeji ni Waelfi, jamii ya viumbe wafananao na wanadamu, ila hawazeeki wala hawafi kwa maradhi. Huishi juu ya miti, kwenye majukwaa ya mbao yaliyojengwa kati ya matawi, na mji wao mkuu, Caras Galadhon, wote umejengwa hivyo.

Waelfi wa asili wa msitu huo walikuwa watu wa kawaida wa porini, wapenda nyimbo, wasio na makuu. Mfalme wao wa mwisho alikuwa Amroth, aliyempenda binti aitwaye Nimrodel. Nchi jirani ilipoingiliwa na kiumbe cha kutisha kilichoamshwa na wachimba madini chini ya milima, Nimrodel alikimbilia kusini akapotea njiani. Amroth alimngojea merikebuni. Upepo ulipoitupa merikebu baharini kabla ya mchumba kufika, alijirusha majini ili amrudie, wala hakuonekana tena. Msitu ukabaki bila mfalme. Ndipo wakatawala Celeborn na mkewe Galadriel, bila kujitwalia cheo cha mfalme na malkia. Waliitwa Bwana na Bibi tu, kama walinzi wa mali isiyo yao.

Galadriel huyu alikuwa na siri. Kidoleni alivaa Nenya, mojawapo ya pete tatu za Waelfi, na kwa nguvu zake aliuzuia wakati usiuchakaze msitu. Wageni waliokaa humo karibu mwezi mzima walidhani zimepita siku chache tu. Huo ndio "uchawi" ulioonekana na mama yetu. Lakini kitabu chenyewe kinalitaja swali lake. Wageni wanapoomba kuona uchawi wa Waelfi, Bibi huyo anajibu kwamba haelewi vema wanamaanisha nini, kwa maana neno hilohilo wanalitumia pia kwa hila za yule Adui. Nasi tulitamani mama awepo ayasikie. Katika lugha yetu uchawi ni kumdhuru mwenzako gizani, na Kanisa linatukataza sisi sote kuukaribia. Kazi ya mikono ya Waelfi ni kitu kingine: ni kupenda kitu hadi kikapendeza, kamba, kitambaa, mkate wa safari uliofungwa kwa majani. Wasomaji wengine waliuona katika mkate huo mwangwi wa Komunyo ya wasafiri wa kufa, naye mtunzi hakuwakatalia.

Si kwamba watu wa msitu huo hawakuwa na dosari. Kundi la wasafiri lilipofika mpakani, mmoja wao, Gimli, alikuwa wa taifa la wafupi wachimbaji wa milimani, waliogombana na Waelfi tangu kale. Walinzi walitaka afungwe macho yeye peke yake. Gimli alikataa katakata. Ugomvi ulikoma pale kiongozi wa msafara, Aragorn, aliposema kwamba wote wafungwe macho, pamoja na Mwelfi aliyekuwa miongoni mwao. Huyo ndiye aliyenung'unika kuliko wote, kwani aibu ya jirani ilikuwa nyepesi mpaka ilipofika usoni pake. Na walipofikishwa mbele ya watawala, Galadriel alimtamkia Gimli majina ya makao ya wazee wake kwa lugha yake mwenyewe. Mtu yule aliyeingia kama adui akatoka akiwa rafiki wa kudumu. Je, katika jumuiya zetu ndogondogo ni wangapi tunaowafunga macho wao tu?

Sasa tufike kwenye kiini. Frodo, kiumbe mdogo wa kabila la Wahobiti, alikuwa amebeba Pete Kuu ya Adui, akiipeleka ikaharibiwe. Pete hiyo ikiharibiwa, nguvu za Nenya nazo zitakwisha, na msitu utafifia kama misitu mingine. Isipoharibiwa, Adui atauteketeza. Usiku mmoja Frodo, kwa kuelemewa, alimpa Galadriel Pete hiyo bure, bila kuombwa. Naye kwa muda mrefu alikuwa ameitamani. Angeweza kuichukua kwa nia njema kabisa: kuulinda msitu, kuwalinda watu wake, kutenda mema kwa nguvu. Alijiona jinsi atakavyokuwa, mzuri na wa kutisha, apendwaye na wote kwa kulazimishwa. Kisha akakataa. Alikubali kupungua, kuondoka, na kubaki kuwa yeye mwenyewe.

Wengi humfananisha Bibi huyu na Mama Maria, na mtunzi alikiri kuwa taswira yake ina deni kwa Bikira. Lakini mwaka 1971 aliandika kwamba Galadriel hasa ni mtubu: ujanani alikuwa miongoni mwa viongozi wa uasi, kisha kwa kiburi akaukataa msamaha, usiku ule wa kuikataa Pete ndio uliomfungulia njia ya kurudi. Kwetu maneno hayo yana faraja kubwa kuliko kama angekuwa hana doa.

Wapendwa, tuliposoma ukurasa huo, ilikuwa yapata saa sita za usiku, na juu ya meza ileile palikuwa na barua ya Baba Askofu. Imetuagiza kuhamia parokia nyingine kabla ya Majilio. Kando yake palikuwa na jibu tulilokwisha kuandika nusu. Lilikuwa limejaa maneno mazuri. Tulieleza kwamba ukumbi haujaezekwa. Kwamba kwaya ya vijana ndiyo kwanza imesimama. Kwamba wagonjwa wametuzoea. Kwamba miche tuliyoipanda kuzunguka kanisa miaka kumi na mmoja iliyopita sasa inatoa kivuli na inahitaji jicho. Hakuna hata moja lililokuwa uongo. Tuliliombea jibu lile, tukaliita upendo wa kichungaji.

Lakini tulipolisoma tena baada ya kumsoma yule Bibi, tuliona neno "yetu" limejirudia mara nyingi mno: kazi yetu, miti yetu, watu wetu. Tulikuwa tukiomba pete ya kuuzuia wakati. Tulitaka parokia hii isibadilike, na zaidi ya hayo, isibadilishwe na mkono wa mwingine. Yohane Mbatizaji alijua kwamba imempasa Bwana kukua, yeye kupungua. Nasi tumelihubiri hilo kila mwaka bila kudhani kwamba siku moja litaletwa ofisini ndani ya bahasha. Jibu lile tumelichana. Tumeandika lingine lenye mistari mitatu, na limekwisha kupelekwa. Hatukulala vizuri usiku ule, wala hatutawadanganya kwamba moyo umetulia kabisa.

Mwataka kujua msitu uliishaje? Ulishambuliwa mara tatu na majeshi ya Adui, haukuanguka. Pete Kuu ikaharibiwa, Nenya ikaishiwa nguvu, na baada ya miaka miwili Galadriel akavuka bahari asirudi. Celeborn alibaki kwa muda, kisha naye akaondoka. Lakini kabla ya wasafiri kuagana naye, Bibi alimpa Samwise, mtunza bustani wa Frodo, kisanduku kidogo cha mbao chenye udongo wa shamba lake na mbegu moja. Samwise aliporudi kwao alikuta miti imekatwa ovyo. Aliugawa udongo ule chembe kwa chembe kwenye mashina ya miche mipya, na mbegu akaipanda uwanjani. Ikaota mallorn, mbali na msitu wake, katika ardhi ya watu wadogo ambao wengi wao hawakuwahi kusikia jina la Lothlórien.

Mama yule alirudi Alhamisi. Tulimweleza haya, kwa ufupi zaidi. Akauliza: "Kwa hiyo, Baba, nimrudishie?" Tukamjibu: "Mrudishie, Mama. Tena umwombe akusimulie." Alikichukua kitabu, akakifunga tena kwa gazeti lilelile, safari hii polepole. Alipofika mlangoni aligeuka akasema kwamba amesikia tetesi za uhamisho. Hatukukanusha.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Atakapokuja paroko mpya, msimfunge macho mpakani. Msimwambie kila Dominika jinsi sisi tulivyokuwa tukifanya. Na kama ataona vema kuukata mti mmoja ili kupanua ukumbi, mwacheni. Ninyi chukueni mbegu zake, mkazipande majumbani mwenu.

Mwenyezi Mungu awabariki.

Ni sisi, Paroko wenu.