Barua kutoka Utrecht: Maziwa ya mjukuu wako

 

Mama, ulipoambiwa mjukuu wako ana seliaki na ngano ni mwiko kwake, ulikubali. Ulipoambiwa kwamba hata maziwa yanamsumbua, ukanyamaza kwenye simu. Nilikuelewa: sisi tumesomeshwa na maziwa ya ng'ombe wako huko Muheza. Ndiyo maana nataka nikueleze vizuri.

Maziwa hayana gluteni. Gluteni imo kwenye ngano, shayiri na rai, na ndiyo inayoufanya mwili wa mgonjwa wa seliaki ushambulie utumbo wake wenyewe. Utumbo mwembamba una vijinyweleo vinavyofyonza chakula, na kwenye ncha zake hutengenezwa laktasi, kimeng'enya cha kuvunja laktosi, ile sukari ya maziwa. Vijinyweleo vikiharibika, laktasi hupungua. Laktosi hufika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria huichachua, tumbo hujaa gesi na mtoto huharisha. Kwa wengi hali hii hupita: gluteni ikiachwa kabisa, utumbo hupona polepole, pengine kwa miezi mingi, na maziwa hukubalika tena.

Tutajuaje kama kweli ni maziwa? Kuna kipimo cha pumzi: mtu hunywa maji yenye laktosi, kisha hupuliza na hidrojeni, moja ya gesi hizo, hupimwa. Mtaalamu wa lishe alitushauri tuanze nyumbani. Tuliondoa maziwa kwa wiki mbili bila kubadilisha chakula kingine chochote, kisha tukayarudisha kidogo kidogo huku tukiandika kila anachokula na tumbo linavyomjibu. Inaniuma kuona wazazi wakimkataza mtoto ngano, maziwa na mayai siku moja. Mtoto hukonda, na mkosaji hajulikani.

Njia hii ya kuondoa na kurudisha ina historia yake hapa Uholanzi. Daktari wa watoto Willem Dicke, wa Den Haag, alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944–45, mkate ukaadimika, na watoto wenye seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Tasnifu yake aliiwasilisha hapahapa Utrecht mwaka 1950. Kila nikipita chuoni namshukuru kimoyomoyo, maana kabla yake watoto wengi walikufa.

Mjukuu wako tumegundua kikombe cha maziwa matupu bado kinamzidi nguvu, lakini mtindi anaumudu, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi. Jibini ya Gouda iliyokaa muda mrefu haimdhuru kabisa. Karibu haina laktosi. Nafurahi, kwani seliaki hudhoofisha mifupa na anahitaji kalisi.

Tukija Desemba, mgandishie mtindi. Vitumbua mpikie vya mchele mtupu, usiongeze ngano hata kijiko, na chuma chake kisiwe kilichopikiwa unga mwingine. Na jirani akimletea andazi kwa upendo, mwambie wewe, Mama; wewe watakusikiliza.

Mwanao